Muulize Mkereza: Kabaidi ni ngumu, mbona yavunjika?

Barua za kabaidi zimekuwa zikija moja moja, nami nikiziweka kando. Sasa zimetosha kujaza ukurasa, na nazijibu pamoja kwa sababu nyingi zinazunguka jambo lile lile. Kwa asiyeijua: kabaidi ni kile kipande cha kijivu, kizito kuliko umbo lake, kinachokaa kwenye ncha ya kisu cha lethi (mashine ya kukerezea), kwenye meno ya msumeno wa seremala na kwenye kichwa cha keekee ya kutobolea ukuta.

Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo Changamwe na lethi ya zamani. Nakereza shafti za boti na za matrela. Nimeacha visu vya haispidi, vile vya chuma kitupu, nikahamia tipu za kabaidi, lakini kila nikipata shafti yenye mfereji wa kii (kabari inayofunga gurudumu kwenye shafti), tipu inamegeka kona. Jirani aniambia nimeuziwa feki. Nirudi kwenye haispidi? – Kijana wa Changamwe

Marahaba, mwanangu. Feki zipo sokoni, sikatai, lakini kwa ulivyoeleza sioni dalili yake. Tipu mbovu hupoteza makali hata kwenye shafti nzima isiyo na mfereji. Yako inakata vizuri, inamegeka pale tu inapogongwa. Hiyo ni kabaidi halisi iliyopewa kazi isiyo yake.

Anza na ilivyotengenezwa. Kabaidi si chuma kilichochomwa kikawa kigumu. Ni punje za tungsteni iliyoungana na kaboni, ndogo mno, zilizoshikanishwa kwa kobalti kama kokoto zinavyoshikwa na saruji kwenye zege. Unga wa vitu hivyo viwili husagwa pamoja, ukashindiliwa ndani ya kalibu, kisha ukatiwa kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,400 hivi. Hapo kobalti huyeyuka ikapenya baina ya punje, punje zenyewe zisiyeyuke, na kipande kizima hunywea karibu moja ya tano ya urefu wake kila upande. Hata tundu la skrubu huwekwa kabla ya tanuri, maana baada ya hapo hakuna keekee ya kawaida itakayoligusa.

Punje ndizo zinazokata, kobalti ndiyo inayovumilia. Kobalti ikiwa asilimia 6, tipu ni ngumu sana na makali yanakaa, lakini ikigongwa inamegeka. Ikifika asilimia 10 au 12, hulika upesi zaidi lakini hustahimili kishindo. Kalibu za kugongea vichwa vya bolti hufika asilimia 20 na zaidi, kwa kuwa kule kazi ni kupigwa mchana kutwa. Punje zikiwa ndogo zaidi ugumu huongezeka, zikiwa kubwa hupungua. Kwa vyovyote vile, ukiongeza huku unapunguza kule. Atakayekuuzia tipu isiyolika wala kuvunjika, muage uende zako.

Sasa fikiri mfereji unavyofanya. Shafti ikizunguka mara 500 kwa dakika, tipu inapigwa na ukingo wa mfereji mara 500. Kabaidi ikigandamizwa inavumilia kuliko chuma chochote ulicho nacho karakanani. Ikivutwa au ikipigwa ghafla, haina pa kupindia. Chuma hupinda kwanza ndipo kikavunjika, kabaidi huvunjika tu.

Kwa hiyo soma kisanduku. Utaona herufi P na rangi ya buluu kwa chuma cha kawaida, M na manjano kwa stenlesi, K na nyekundu kwa chuma cha kusubu. Baada ya herufi kuna nambari: P10, P20, P30, P40. Nambari ndogo ni tipu ngumu ya kazi tulivu, kubwa ni tipu inayovumilia mishtuko. Vijana wengi hununua P10 kwa sababu muuzaji ameisifu kuwa ngumu kuliko zote. Kwa mfereji, tena kwenye lethi iliyochoka, nunua P30 au P40. Na usipewe ya K kwa shafti ya chuma ukaambiwa ni sawa tu. Itakata, lakini baada ya muda utaona kishimo kimechimbika juu ya tipu, nyuma kidogo ya makali. Mabaki ya chuma yanayopita hapo yakiwa na moto mkali huiyeyusha kabaidi ya tungsteni kidogo kidogo na kuondoka nayo. Ndiyo maana tipu za P huongezwa kabaidi ya titani na ya tantali, na nyingi za siku hizi hupakwa ngozi nyembamba ya mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ya dhahabu au nyeusi.

Zile nambari ndefu nazo zina maana. Ukiona CNMG 120408, hiyo C ni umbo la pembe ya nyuzi 80, 12 ni urefu wa ukingo kwa milimita, 04 ni unene wa milimita 4.76, na 08 ni mviringo wa kona, milimita 0.8. Tipu hiyo ina kona nne za kazi, mbili kila upande, kwa hiyo usiitupe ukimaliza mbili. Ukinunua ya mwisho wa 04 kona ni nyembamba zaidi, na mfereji utaila. Shika 08.

Linalowaponza wengi waliotoka kwenye haispidi ni mwendo. Kwa haispidi ulikuwa ukienda mita 25 kwa dakika, ambayo kwa shafti ya milimita 50 ni mizunguko kama 160. Kwa kabaidi huo ni mwendo wa kuiua. Chuma hujibandika kwenye makali, na kikibanduka huondoka na kipande cha tipu. Nenda mita 100 hadi 120, yaani mizunguko 640 hadi 760 kwa shafti hiyo hiyo. Hesabu yenyewe: mita zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa kipenyo kilichozidishwa na 3.14.

Kabla ya kuongeza mwendo, shika kishikio cha kisu ukitikise kwa mkono. Kikicheza, kaza kwanza slaidi, yaani reli zinazobeba kisu. Kisu kisitoke nje zaidi ya inavyohitajika. Maji ya sabuni ama yamiminike bila kukatika ama usiyatie kabisa, maana kumwagia kwa kikopo pale unapokumbuka hupasua tipu. Ukiitazama kwenye mwanga utaona nyufa nyembamba zilizojipanga sambamba zikikatiza makali.

Haispidi usiitupe. Kwa kazi ndogo ya mkono, au mashine isiyofika mwendo huo, bado ni kisu chema.

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa ufundi Kisauni. Kwa nini watumie kobalti na si chuma cha kawaida ambacho ni rahisi? Na nani aliyeanza? – Mwanafunzi

Swali zuri sana, na ningependa walimu wenu waliulize pia. Kobalti ikiyeyuka hutambaa juu ya punje za kabaidi na kuzilowesha zote bila kuacha nafasi, tena hushika hata ikipoa. Chuma na nikeli hufanya hivyo pia, lakini mchanganyiko unaofikia ugumu na uvumilivu ule wa kobalti ni mgumu kuupata. Kobalti nyingi duniani huchimbwa Kongo, na tungsteni nyingi hutoka Uchina.

Kazi hii ilianzia kwenye taa za umeme. Kiwanda cha Osram, Ujerumani, kilihitaji kuvuta nyuzi nyembamba za tungsteni za balbu, na matundu ya kuvutia nyuzi hizo yalikuwa ya almasi, ghali mno. Karl Schröter aliandikisha hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mchanganyiko wa kabaidi na kobalti mwaka 1923. Kampuni ya Krupp ikaichukua na kuiuza kwa jina Widia, lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Ndipo wakerezaji wakaipata. Na wewe unayo mfukoni: katika kalamu nyingi za wino wa mafuta, kile kigololi cha ncha ni kabaidi ya tungsteni.

Assalam aleikum kaka. Tunatengeneza samani za mbao za mnazi hapa Likoni. Msumeno wa duara wa chuma haufiki jioni. Nataka kununua wa meno ya kabaidi lakini bei inanitisha, na wa mwenzangu meno yaling'oka. – Mama Samani

Waaleikum salaam, dada. Nunua. Kwa mnazi sioni njia nyingine. Mbao za mnazi za upande wa nje, karibu na gamba, ni ngumu na zinasugua vibaya, wakati moyo wake ni laini. Jino la chuma halivumilii msuguano ule. Wala usihesabu bei ya siku ya kununua peke yake. Hesabu pia saa ambazo fundi wako anakaa na tupa akinoa badala ya kupasua.

Meno ya mwenzako hayakung'oka kwa bahati mbaya. Jino la kabaidi limelehemiwa kwenye chuma kwa lehemu ya fedha, na vitu hivi viwili havitanuki sawa: kabaidi hutanuka karibu nusu ya chuma. Msumeno ukipata moto mkali kisha ukapoa, kila mara kiungo kinavutwa. Moto hutoka wapi? Kulazimisha mbao kwa msumeno butu, au utomvu ulioganda ubavuni. Safisha utomvu kwa mafuta ya taa na brashi ya nyuzi za plastiki, siku ile ile. Mbao mbichi ni adui mwingine, maana asidi iliyomo kwenye maji yake hula kobalti, na jino likabaki na punje zisizo na wa kuzishika. Kausha kwanza ukiweza.

Kwa kupasua kwa urefu chukua wa meno machache, kama 24 kwa msumeno wa milimita 250. Kwa kukata mapingili chukua wa meno 60. Gogo lililolala ufuoni lisugue mchanga wote kabla halijafika mezani, na utafute misumari ya zamani kwa sumaku. Msumari mmoja unatosha kumega meno kadhaa. Kunoa mpelekee mwenye jiwe la almasi. Tupa haitafanya kitu. Na msumeno ukiushusha, utundike, usiulaze kwenye sakafu ya saruji.

Bwana mkereza, nahudumia pampu za maji ya bahari za vyombo vinavyoletwa kutengenezwa. Pete za sili, zile zinazozuia maji yasivuje, ni za kabaidi, nzito na ngumu, lakini zinaharibika mapema. Nani wa kulaumiwa? – Fundi wa pampu, Kilindini

Nitafutie pete uliyoitoa, uioshe, uitazame uso wake chini ya dirisha. Uso wenyewe utakujibu.

Ukiwa umefifia, umepoteza kioo chake, na ukipitisha ukucha unasikia ukwaru, maji ya chumvi yamekula kobalti. Punje hazikuguswa, ila kilichozishika kimeondoka, nazo zikang'oka moja moja. Hapo lawama ni ya aliyeagiza. Kwa maji ya bahari huagizwa kabaidi iliyoshikwa na nikeli, au nikeli na kromu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini jaribu sumaku: ya kobalti huvuta sumaku, ya nikeli kwa kawaida haivuti au huvuta kidogo sana. Mimi ningeijaribu kila pete kabla haijaingia kwenye pampu. Ni kazi ya sekunde, na itakuokoa kufungua pampu mara ya pili.

Ukiona nyufa zinazotoka katikati kwenda nje, basi pampu ilizungushwa kavu. Nyuso zilipata moto bila maji ya kuzipoza, kisha maji yakaingia ghafla. Hapo aina yoyote ya kabaidi ingepasuka, na dawa ni kumfundisha anayewasha pampu afungue valvu kwanza.

Ukiona mifereji ya mviringo, mchanga umeingia. Uso mgumu dhidi ya uso mgumu huvumilia mchanga kuliko uso mgumu dhidi ya kaboni, kwa hiyo uliza kama pete ya pili ni ya kaboni.

Utaambiwa pia ujaribu kabaidi ya silikoni. Hiyo ni kitu kingine kabisa, nyepesi mkononi, uzito wake ni kama moja ya tano ya hii ya tungsteni. Chumvi haiigusi. Lakini ikidondoka imekwisha, na pampu inayotetemeka huipasua. Kwa pampu iliyosimama imara ningeichagua bila kusita. Kwa pampu ya chombo chenye injini inayotikisa sakafu ningebaki na ya tungsteni iliyoshikwa na nikeli.

Fundi, naoa baada ya Idi. Nimeonyeshwa pete ya tungsteni, muuzaji asema haikwaruzi maisha. Je, ni kweli? – Bwana harusi, Majengo

Hongera, mwanangu. Ni kabaidi hiyo hiyo. Kweli, funguo na sarafu hazitaikwaruza. Lakini haipanuliwi wala haipunguzwi, kwa hiyo pima kidole jioni, wakati mikono imejaa joto la mchana, ndipo uchague. Muulize muuzaji kilichoshika punje: ya kobalti huingia doa kwa jasho, ya nikeli haiingii, ila ikiwa ngozi yako huwashwa na nikeli iache. Kidole kikivimba, msumeno mdogo wa hospitali wa kukatia pete hautaikata. Huvunjwa kwa kubanwa polepole kwa koleo la kukaza mpaka ipasuke, na kazi hiyo mwachie daktari au muuguzi. Akishangaa, mwambie wewe mwenyewe ni pete ya nini.

Mume wangu ananoa tipu na meno ya misumeno kwenye chumba cha nyuma. Ana kikohozi kikavu, akipanda ngazi anahema. Anasema ni vumbi tu. – Mke wa fundi, Jomvu

Dada, nakuomba umwonyeshe ukurasa huu leo.

Kushika kabaidi hakuna madhara. Vumbi lake lina madhara. Kobalti na kabaidi ya tungsteni zikivutwa pamoja huweza kuumiza mapafu kwa namna ya peke yake, na dalili za mwanzo ndizo hizo ulizoandika: kikohozi kikavu na pumzi fupi mtu akijitahidi. Kwa wengine hali hupungua wakiwa mapumzikoni na kurudi wakirudi kazini. Ugonjwa ukigundulika mapema na mtu akaondoka kwenye vumbi, mara nyingi hupata nafuu. Akiendelea kulivuta, mapafu hupata makovu yasiyofutika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani nalo limeuweka mchanganyiko huo katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu.

Aende hospitali, na amwambie daktari kwa maneno haya: nanoa kabaidi, nina vumbi la kobalti. Daktari asipoambiwa anaweza kudhani ni pumu au kifua cha kawaida.

Kwenye kazi yenyewe, anoe kwa jiwe la almasi au jiwe la kijani la kabaidi ya silikoni. Jiwe la kijivu la kunolea chuma haliikati kabaidi, linasugua na kurusha vumbi bure. Aweke kivuta vumbi pale pale kwenye jiwe. Maji yakitumika yabadilishwe, kwa sababu kobalti huyeyuka ndani yake, na matone yake laini yanayoruka huvutwa vilevile. Leso iliyofungwa puani haizuii kitu, anahitaji barakoa yenye chujio la vumbi laini inayokaa sawasawa usoni. Asipulize meza kwa hewa ya kompresa. Nguo za kazi asiingie nazo ndani, na wewe usizifue pamoja na za watoto. Na chumba kile cha nyuma, kama hakina dirisha, si mahali pa kazi hii hata siku moja.

Nanunua vyuma vikuukuu Kibarani. Wakati mwingine huletewa tipu ndani ya gunia. Nitazijuaje na nizifanyeje? – Mnunuzi

Mkono wako utazijua kabla ya macho, kwa kuwa kipande cha kabaidi ni kizito karibu mara mbili ya chuma cha ukubwa huo huo. Pitisha tupa: itateleza bila kuacha alama. Ukigusisha kwenye jiwe la kusagia, chuma hurusha cheche ndefu nyeupe au za manjano, kabaidi hutoa cheche chache, fupi, nyekundu zilizofifia. Mguso mmoja unatosha, kwa sababu ya vumbi nililomweleza dada wa Jomvu.

Ukizijua, zitenge. Kuziuza ndani ya mzigo wa chuma ni kuzitupa, maana bei yake kwa kilo haikaribiani kabisa na ya chuma. Wanaozinunua hurudisha unga wake kazini: njia mojawapo ni kuziloweka kwenye zinki iliyoyeyushwa, zinki ikaingia ndani ya kobalti na kuivimbisha mpaka kipande kikasambaratika, kisha zinki ikatolewa kwa joto. Weka tipu nzima kwenye debe moja, na vipande vilivyolehemiwa kwenye chuma debe jingine, kwa sababu mnunuzi atakukata bei akiona chuma na lehemu vimechanganyika. Ukitaka kuvitenganisha, lehemu ya fedha huachia ikipata moto mkali wa gesi, nawe uvute kipande kwa koleo. Usikigonge kwa nyundo. Kabaidi ikivunjika hurusha vigae vikali mbali sana, na hapo kwako pana watoto wengi wanaopita.